Asome Hadi Mwisho

Maji yalipochukua daraja, watu wa mtaa wetu walilia. Mimi sikulia. Mimi ni fundi miavuli, na tangu nianze kazi hii sijapata msimu wenye wateja kama ule. Waliniletea miavuli ambayo ilistahili kuzikwa, vijiti vimepinda kama miguu ya kuku, kitambaa kimechanika, mpini haupo. Nikawa nashona, nakaza, wanalipa, wanarudi kwenye mvua kuiharibu tena.

Lakini msidhani nilifurahia daraja kwenda. Lile daraja lilianza kucheza mke wangu akiwa hai. Kila dereva wa lori aliyepita juu yake alisema, na kila aliyesema alipewa jibu lile lile moja, mpaka jibu likawa jina la mwenyekiti wetu wa mtaa. Tunamwita Tunashughulikia. Taa ya njia panda imekufa: tunashughulikia. Mtaro umeziba: tunashughulikia. Mke wangu alipougua na zahanati ikawa haina hata kidonge cha homa, nilikwenda kugonga kwake alfajiri. Sina haja ya kuwaambia alinijibu nini. Mke wangu nilimzika, yeye bado anashughulikia.

Basi. Daraja likaenda, tukabaki upande wa matope. Ng'ambo, kwenye lami, ikabaki mahakama, benki na mawakili wote. Serikali ikatupa boti moja ndogo. Inaleta unga na dawa, inarudi na wagonjwa na karatasi. Mtu mzima mwenye afya zake haruhusiwi kupanda bila kibali.

Sasa, binti yangu wa mwisho, ambaye sisi wote tunamwita Kitinda, alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ukunga, huko huko ng'ambo. Usicheze na Kitinda. Mbuzi wa nusu ya mtaa huu wamezaa mikononi mwake. Chuo kilisema kitafunga uandikishaji Ijumaa, na kilitaka cheti cha kuzaliwa. Kitinda hana. Wala msininyooshee kidole mimi. Zahanati ndiyo iliyokataa kumwandika, kwa sababu eti hakuzaliwa ndani ya zahanati. Alizaliwa nje ya mlango wake, kwenye benchi la kusubiria.

Chuo kikasema hakuna neno, baba mzazi aape mbele ya mthibitishaji. Mthibitishaji ni yule mtu unayemwapia kwamba karatasi yako inasema kweli. Akishakusikia anasaini, anagonga muhuri, na karatasi yako inakuwa karatasi. Kazi hiyo kwetu waliifanya mawakili wawili, na wote wawili wanalala kwenye lami. Mimi sijawahi kusikia wakili aliyelala kwenye matope.

"Baba," Kitinda akaniuliza, "na Ijumaa ikipita?"

"Utangoja mwaka mwingine."

"Mwaka mwingine nafasi watampa mtu mwingine."

Nikachukua mwavuli wa mtu nikaufungua na kuufunga, nikaufungua na kuufunga, mpaka akaniambia niuache, nitauvunja.

Kumbe hatukuwa peke yetu. Huyu vitambulisho vyake vimekwenda na maji, yule anataka mafao ya marehemu baba yake, na hakuna karatasi inayopita bila muhuri. Kelele zikafika mahakamani. Ndipo tukaambiwa kuna sheria ya dharura. Wakati wa maafa hakimu anaweza kuwaapisha watu wa kawaida wawe wathibitishaji, mpaka dharura iishe. Sharti lake, hakimu awaone kwa macho na awasikie kwa masikio wakati wanaapa. Kwa upande wetu waliteuliwa wawili. Wa kwanza ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, ambaye ni mdogo wake marehemu mke wangu. Mimi namwita Shemeji Mwalimu. Wa pili, mtu akikaa kwenye kiti hata vyeo vya dharura vinamfuata, alikuwa Tunashughulikia.

Siku ya kuapishwa tulishuka mtoni wote. Hakuna aliyekuwa na kazi nyingine, na hakimu si mtu wa kuonekana kila siku. Tukamwona ng'ambo amesimama na karani wake. Aliangalia boti, akaangalia maji, akajiangalia tumbo, akabaki pale pale. Karani akampa kipaza sauti cha mkononi.

"Wathibitishaji!" sauti ikaja juu ya maji. "Nyanyueni mkono wa kulia, mseme baada yangu!"

Mikono yote ikapanda.

Ngoja niwaeleze, msituone wajinga. Sisi tumelelewa kwenye mikutano. Mtu mwenye kipaza sauti akisema mkono juu, unanyoosha kwanza, halafu ndipo unamuuliza jirani yako tumekubali nini. Hata mimi nilinyoosha, na mwavuli wa mteja ukiwa mkononi.

"Mimi, taja jina lako!"

Mtaa mzima ukataja majina kwa mpigo mmoja. Ndege waliokuwa kwenye matete waliruka.

"Naapa kwamba nitafanya kazi ya uthibitishaji!"

"Naapa kwamba nitafanya kazi ya uthibitishaji!"

"Bila woga, bila upendeleo!"

Tukasema. Kinyozi, rafiki yangu, aliyekuwa kando yangu, alisema kwa sauti ya kutoka tumboni mpaka nikamgeukia. Alikuwa amefumba macho.

Hakimu akatutazama. Akasema jambo na karani. Kisha akapaza tena, "Nyie wengine shusheni! Nyie wengine ham..." na betri ikafia hapo. Tukabaki tunatazamana, nani ndiye wengine? Kila mtu alijijua kuwa yeye ndiye yeye. Hakimu akaanza kupunga mikono yote miwili, uso umemwiva. Nasi tukampungia. Tulidhani anaaga.

Jioni ile mtaa ulikuwa na wathibitishaji kuliko nzi. Muuza mkaa alimthibitisha dobi, dobi akamthibitisha muuza mkaa. Majirani zangu wawili waliokuwa wakigombea jogoo waliapa kila mmoja kwa mthibitishaji wake kwamba jogoo ni wake, na jogoo akawa na karatasi mbili, wakati binti yangu hana hata moja.

Mimi sikutaka mchezo. Asubuhi yake nilikwenda moja kwa moja kwa Shemeji Mwalimu.

"Shemeji, siwezi," akasema kabla sijakaa.

"Huwezi nini? Sijasema."

"Nimeona hiyo karatasi kwapani. Sheria inakataza kumthibitishia ndugu. Kitinda ni mwanangu kama alivyo wako. Nikigonga, wataitupa."

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua, Shemeji. Nimeapa jana mbele ya watu, na wewe ukiwemo, tena ukiwa umeshika mwavuli." Akacheka, halafu akaacha. "Nenda kwa mwenyekiti."

"Kwa nani?"

"Umenisikia."

"Bora niende kwa jogoo."

Nikatoka, nikaenda kwa Kinyozi. Kinyozi alinipokea kama hakimu mkuu. Aliniketisha kwenye kiti cha wateja, akanifunga shuka shingoni kwa mazoea, akaniuliza kama naapa, nikasema naapa, akasaini. Muhuri hakuwa nao. Akachovya kifuniko cha soda kwenye wino, akagonga. Ukatokea mduara mzuri, wenye meno. Nilipomwonyesha Kitinda aliutazama sana.

"Baba, huu ni muhuri wa nini?"

"Wa dharura."

Boti ikaondoka na karatasi zetu. Ijumaa asubuhi ikarudi nazo ndani ya gunia la unga. Mwendesha boti alisimama juu ya tofali akatangaza kwamba mahakama imesema hivi: walioteuliwa ni wawili tu, wengine wote waliapa bure na waache mara moja. Na kwamba karani amemwomba aulize ni nani huyo anayegonga soda.

Kinyozi akaangalia pembeni.

"Mara ya mwisho navuka saa tisa," mwendesha boti akasema. "Nikifika na karatasi safi, karani anaipeleka chuoni mwenyewe, ni jengo la pili. Nikichelewa, mimi simo."

Kitinda hakulia wala hakunilaumu. Alikaa kwenye ngazi ya mlango na kuanza kunyoosha nguo za mbuzi. Ndiyo, nguo, alikuwa na kitambaa maalumu cha kukaushia watoto wa mbuzi, anakifua, anakikunja. Alikikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Mama yake alikuwa hivyo hivyo. Akinyamaza ujue ameumia.

Nikaenda kutafuta karatasi mpya. Shemeji Mwalimu akaniandikia kwa mwandiko wake wa ubaoni, mimi nikisema. Alipofika mahali fulani kalamu ikasimama.

"Hili nalo niandike?"

"Si ndivyo ilivyokuwa? Wewe mwenyewe ulikuwepo, umeshika beseni."

"Nilikuwepo." Akaandika.

Ofisi ya mtaa ilikuwa bado inanuka maji. Alama ya mafuriko ilipita ukutani juu ya meza, na picha ya kiongozi fulani wa zamani ilikuwa imelowa nusu ya chini, imebaki kofia na macho. Tunashughulikia alikaa nyuma ya meza na muhuri mpya ulioletwa na boti ndani ya mfuko wa nailoni. Foleni ilijaa chumba, waliobaki wamening'inia madirishani. Waliponiona nikiingia na Kitinda na Shemeji Mwalimu, kelele zikashuka. Mtaa mzima unajua kwamba mimi na mwenyekiti hatusalimiani.

"Karibu, fundi," akasema.

"Nimeshakaribia."

Akainyoosha karatasi, akashika muhuri.

"Usome kwanza," Shemeji Mwalimu akasema. "Maelekezo ya hakimu. Soma yote kwa sauti mbele ya anayeapa, usiongeze, usipunguze, hadi mwisho."

"Mwalimu, najua maelekezo." Akavaa miwani, akaanza. "Mimi, fundi miavuli wa mtaa huu, naapa na kusema kwamba mimi ni baba mzazi wa binti aliyetajwa hapo juu. Kwamba siku aliyozaliwa nilimpeleka mama yake zahanati mchana, akiwa na uchungu. Kwamba tulikuta mlango umefungwa. Kwamba ufunguo..."

Kidole chake kikagota kwenye mstari.

"Kwamba ufunguo nini?" mtu akauliza dirishani.

Akavua miwani, akaifuta kwenye shati. Akainama kuja kwangu, akanong'ona, lakini chumba kile hata inzi akinong'ona anasikika. "Fundi. Hapa tuandike kwamba mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu zisizozuilika."

"Zilizuilika. Zilikuwa mfukoni mwako."

Madirisha yakacheka. Mwenyekiti wa leo ndiye aliyekuwa katibu wa kamati ya zahanati enzi hizo, na muuguzi alipokwenda likizo, ufunguo aliachiwa yeye.

"Nasema kwa faida ya binti," akasema. "Chuo kinataka tarehe na mahali. Habari za ufunguo zinawahusu nini?"

"Ndizo zinazoeleza kwa nini hayumo kwenye daftari la zahanati."

"Basi sema imefungwa. Inatosha. Jina langu la nini?"

Kutoka mtoni tukasikia honi ya boti. Mwendesha boti alikuwa anaita.

Kitinda akanigusa kiwiko. "Baba," akasema polepole, "kweli wao hawaulizi ufunguo ulikuwa wapi."

Nilimtazama. Miaka yote hiyo nimelisema jambo lile barabarani, kwenye foleni ya maji, msibani kwa mama yake. Na kila nilipolianza mbele ya mtu huyu, alinipiga bega, akaniambia lile neno lake, akaondoka kabla sijamaliza. Kwa ile karatasi, kwa mara ya kwanza hakuweza kuinuka. Na sasa mwanangu alikuwa ananiambia nimwachie ainuke.

Honi ikalia tena.

"Lete kalamu," nikasema.

Shemeji Mwalimu akanipa kalamu bila kunitazama. Nikaivuta karatasi, nikaweka ncha juu ya ule mstari. Nilikuwa na hasira tu. Nilijisemea, sawa, na hili nalo wamelichukua.

Mwenyekiti akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Usikate," akasema.

"Si ndicho ulichotaka?"

"Ukikata itakuwa na doa, karani atairudisha. Ya kwanza ilirudi kwa soda, hii itarudi kwa wino." Akavaa miwani tena. Akavuta pumzi. "Halafu mimi nami nimenyoosha mkono pale mtoni. Usiongeze, usipunguze. Jambo lenyewe ni kweli. Nitalipunguza vipi?"

Akasoma. Safari hii alisoma kama mtu anayeteremka ngazi gizani, neno moja, anangoja, neno jingine.

"Kwamba ufunguo ulikuwa mfukoni mwa katibu wa kamati, ambaye ndiye mwenyekiti wa sasa, na yeye alikuwa amekwenda kutazama mpira. Kwamba mke wangu alijifungua kwenye benchi la nje, akisaidiwa na mdogo wake. Kwamba katibu alirudi mtoto akiwa ameshalia, akafungua mlango, akasema, 'Karibuni ndani.' Kwamba mke wangu alimjibu..."

Akasimama. Safari hii si kwa aibu. Midomo ilikuwa inamcheza.

"Soma!" madirisha yakapiga kelele. "Hadi mwisho!"

"Kwamba mke wangu alimjibu, 'Tumeshamaliza, baba, wewe funga tu.'"

Chumba kikalipuka. Muuza mkaa alishika ukuta. Kitinda alicheka akiwa amejifunika mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Ile habari aliisikia mara nyingi kwangu, lakini kwangu haikuwahi kuchekesha. Shemeji Mwalimu akasema, "Ndivyo hasa alivyosema. Na beseni lilikuwa mkononi kwangu." Mimi mwenyewe nilihisi kitu kinanipanda kifuani, nikadhani ni kikohozi. Kilikuwa kicheko. Nilikuwa nimekisahau kilivyo.

"Alinisema sana yule mama," mwenyekiti akasema. "Nilikaa mwezi mzima napita njia ya nyuma." Kisha akanitazama usoni, kitu ambacho hajawahi kufanya. "Na mpira wenyewe, fundi, ulitoka bila bao."

"Bila bao?"

"Bila hata kona ya maana."

"Yaani ulimwacha mke wangu nje kwa mechi isiyo na bao!"

"Ndivyo ilivyokuwa. Je, unaapa kwamba yote niliyosoma ni kweli?"

"Naapa. Na hilo la bao uliongeze."

"Haliongezwi." Akasaini, akahema juu ya muhuri kama anapasha moto mikono, akagonga. Meza ilitikisika.

Kitinda hakungoja wino ukauke. Alitoka mbio na karatasi ameinyoosha mbele kama anapeleka uji wa moto, mtaa wote nyuma yake, viatu vinabaki kwenye matope. Mwendesha boti alikuwa ameshafungua kamba. Akanyoosha mkono, akaipokea, akaiweka ndani ya shati, juu ya kifua kikavu. Tulimtazama mpaka akafika. Tulimwona karani akiipokea, akaisoma amesimama pale pale, kisha tukaona mabega yake yanaruka. Hata kwa umbali ule tulijua kafika kwenye "funga tu." Akaikunja, akaondoka nayo kwa haraka kuelekea jengo la pili.

Kesho yake boti ikaleta kibali. Kitinda akavuka na sanduku lake la bati na kile kitambaa cha mbuzi, nikamwambia kile akiache, akasema hakiachi. Alipofika katikati ya maji alipiga kelele kwamba nile, nisishinde na chai. Nikamjibu aangalie mbele, boti haina breki. Mambo mengine niliyotaka kumwambia sikuyasema, kwa sababu watu walikuwepo. Nadhani aliyajua.

Sasa nyumba ni kimya, na mtu aliye kimya huwaza. Mimi niliwaza hivi: kumbe kuna njia ya kumfanya kiongozi asome hadi mwisho. Si barua, barua anaweka chini ya birika. Si mkutano, mkutano ni wake. Ni kiapo. Ukiapa, hana ruhusa ya kuinuka. Nikamwambia Kinyozi. Kinyozi akiambiwa kitu ni kama mtaa mzima umeambiwa, kila kichwa anachonyoa kinatoka na habari.

Jumatatu nilipofika ofisi ya mtaa nilikuta watu wameshajipanga hadi njia panda. Mama mmoja kashika kiapo kuhusu taa. Dobi kaapa kuhusu maji machafu. Wale wawili wa jogoo wameungana, wana karatasi moja kuhusu daraja lilivyoanza kucheza na nani aliambiwa. Walinipisha mbele, kwa heshima ya mwanzilishi.

Tunashughulikia akaangalia foleni kupitia dirishani. Akauangalia muhuri.

"Haya madaraka yangu yanaisha lini?" akamuuliza Shemeji Mwalimu, aliyekuwa meza ya pili naye ana foleni yake.

"Dharura ikiisha."

"Na dharura inaisha lini?"

"Daraja likijengwa, Mwenyekiti."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona mtu huyo akichukua simu na kuwapigia watu wa barabara yeye mwenyewe, bila kuombwa, na kuwapandishia sauti. Alipomaliza aliketi, akafuta uso. Mimi nikamwekea karatasi yangu mezani. Ilihusu mtaro, kuanzia siku ulipoziba, na sikuwa nimeruka kitu.

"Ni ndefu hii, fundi."

"Ina kurasa za nyuma pia."

Akavaa miwani, akaanza kusoma.